Menyu za msaada kwa anayeanza kutumia mstari wa amri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyefungua terminali, akaiona alama ya `$` inamsubiri, na hajui aandike nini. Mifano mingi inatoka Linux, maana ndiko wengi wanakokutana na mstari wa amri kwa mara ya kwanza, ila sehemu kubwa inafaa pia kwa macOS na jamii ya BSD.

Zana za menyu ni zipi hasa?

Ni programu zinazokupa orodha ya mambo unayoweza kufanya badala ya kukuachia nafasi tupu uijaze mwenyewe. Unachagua kwa mishale ya kibodi, kwa namba au kwa herufi moja, na kazi inafanyika. Nyingine zinasimamia faili, nyingine zinapanga mtandao au kusakinisha programu, nyingine kazi yake ni kukutafutia ukurasa wa mwongozo unaohusika, basi. Zote zinaishi ndani ya terminali ileile. Hazihitaji kipanya wala madirisha, kwa hiyo zinafanya kazi hata kwenye seva iliyo mbali unayoifikia kwa SSH kupitia mtandao wa polepole.

Si bora nijifunze amri moja kwa moja?

Kuandika si ndiko kunakomshinda anayeanza. Kinachomshinda ni kujua kwamba jambo fulani linawezekana, na linaitwaje. Hakuna anayeweza kukisia kwamba kunakili ni `cp`, kutafuta neno ndani ya faili ni `grep`, au kuona nafasi iliyobaki kwenye diski ni `df`. Mwongozo wa mfumo unaeleza kila amri kwa undani, lakini unaifungua kwa jina lake, na jina ndilo usilolijua. Menyu inakupa njia ya kuingilia: unasoma yanayowezekana, unachagua.

Shida inaanza pale menyu inapoificha amri. Mtu anaweza kuchagua "Nakili" kila siku kwa mwaka mzima bila kuiona `cp` hata mara moja. Siku atakayoingia kwenye mashine isiyo na menyu hiyo, anarudi sifuri. Ndiyo maana ninapoipima zana yoyote ya aina hii naanza na swali moja: je, inanionyesha amri inayoendesha? Ikionyesha, inafundisha. Isipoonyesha, bado inaweza kuwa na manufaa, ila usiitegemee ikufundishe.

Je, wazo hili ni jipya?

Hapana, na inafaa kujua waliotangulia walifanyaje, kwa sababu baadhi yao walifanya vizuri kuliko tunavyofanya sasa.

Unix ilipata mwongozo wake wa kwanza tarehe 3 Novemba 1971, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Bell Labs. Ulikuwa mfupi na makini, lakini ulimdhania msomaji kuwa tayari anajua anatafuta nini. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, mfumo wa TOPS-20 wa kampuni ya DEC ulichukua njia nyingine: ukiwa katikati ya kuandika amri, ukabonyeza alama ya kuuliza, ulionyeshwa maneno yote yanayoweza kufuata pale ulipofikia, kisha ukaendelea kuandika ulipoishia. Kampuni hiyohiyo iliweka kwenye VMS, mfumo wake mwingine, amri ya `HELP` iliyopangwa kwa ngazi, unashuka kutoka mada hadi mada ndogo.

IBM ilikwenda mbali zaidi. Kompyuta yake ya AS/400 ya mwaka 1988 ilimpokea mtumiaji kwa menyu yenye namba, na chini ya menyu hiyohiyo kulikuwa na nafasi ya kuandika amri. Ukiandika jina la amri ukabonyeza F4, ilifunguka fomu yenye vipengele vyote vya amri hiyo, uvijaze kimoja kimoja. Kwenye AIX, Unix ya IBM, kuna SMIT, ambayo kwangu ndiyo mfano bora wa kazi hii. Unachagua kwenye menyu, unajaza fomu, na kabla ya kuthibitisha unabonyeza F6 kuona amri kamili itakayoendeshwa. Ukimaliza, amri zote zimeandikwa kwenye faili iitwayo `smit.script` iliyo kwenye folda yako ya nyumbani, uisome au uitumie tena. Menyu inayokuachia daftari la amri zako! Ningetamani kila zana ya leo iige hilo.

Upande wa MS-DOS, toleo la 4 la mwaka 1988 lilileta DOS Shell, toleo la 5 la 1991 likaleta `HELP` na `/?` kwa kila amri, na toleo la 6 la 1993 likaigeuza `HELP` kuwa skrini nzima ya mada unazoruka kati yake.

Nianze na ipi?

Anza na Midnight Commander, kwa kifupi `mc`. Miguel de Icaza aliiandika mwaka 1994 kwa kufuata umbo la Norton Commander, programu ya DOS ya mwaka 1986 iliyobuniwa na John Socha. Inapatikana karibu kwenye kila toleo la Linux. Kwa Debian na Ubuntu (`sudo` inaendesha amri kwa uwezo wa msimamizi wa mfumo):

`sudo apt install mc`

Andika `mc` na utaona vidirisha viwili vya faili kando kwa kando, na chini kabisa vitufe kumi vilivyoandikwa kazi zake. F3 inasoma faili, F4 inaihariri, F5 inanakili kwenda kidirisha cha pili, F6 inahamisha au kubadilisha jina, F7 inatengeneza folda, F8 inafuta, F9 inafungua menyu ya juu, F10 inatoka. Tab inakuhamisha kidirisha. Ukizijua hizo, faili hazikusumbui tena.

Kwa kipimo changu cha hapo juu, `mc` inapungukiwa kidogo: ukibonyeza F5 inanakili yenyewe, haikuonyeshi `cp`. Lakini ina sifa mbili zinazofidia. Kwanza, chini ya vidirisha mstari wa amri uko wazi muda wote. Unaweza kuandika amri huku ukiziona faili zako, na Ctrl+O inaviondoa vidirisha ili usome majibu, kisha Ctrl+O tena inavirudisha. Hii ni nafasi nzuri sana ya kujizoeza: andika `mkdir majaribio`, uone folda ikitokea kwenye kidirisha. Ukitaka jina la faili lishuke kwenye mstari wa amri bila kuliandika, bonyeza Alt+Enter.

Pili, F2 inafungua menyu ya mtumiaji, na menyu hiyo ni faili la maandishi ya kawaida. Amri zilizomo unaweza kuzisoma, kuzibadilisha na kuongeza zako. Mstari unaoanzia ukingoni unabeba herufi ya kuchagulia na maelezo; mistari iliyosogezwa ndani ndiyo amri zenyewe:

```
d       Nafasi iliyobaki kwenye diski
        df -h . | less
```

Menyu yako binafsi inakaa kwenye `~/.config/mc/menu`. Ukiweka faili iitwayo `.mc.menu` ndani ya folda fulani, inakuwa menyu ya folda hiyo pekee.

Nikibonyeza F10 au F1 terminali yenyewe inaitika, si `mc`. Nifanyeje?

Baadhi ya programu za terminali hujichukulia vitufe hivyo. Bonyeza Esc, uachie, kisha namba: Esc halafu 1 ni F1, Esc halafu 9 ni F9, Esc halafu 0 ni F10. Inasaidia pia kwenye kompyuta ndogo ambazo vitufe vya F vimepewa kazi ya sauti na mwanga.

Mistari ya visanduku inaonekana kama herufi `qqqq` na `xxxx`. Kompyuta imeharibika?

Haijaharibika. Programu na terminali hazijakubaliana juu ya herufi za kuchorea. Hakikisha terminali imewekwa UTF-8, mfumo wa kuwakilisha herufi, na kwamba `echo $LANG` inaishia na UTF-8. `mc` ina njia ya mkato: `mc -a` inachora kwa alama za kawaida. Ukitumia PuTTY, programu ya kufikia seva kwa SSH, na kisanduku cha `dialog` kikaonekana hivyo, jaribu `export NCURSES_NO_UTF8_ACS=1` kabla ya kukifungua.

Mwongozo wa `man` unanichanganya. Kuna njia ya kuutumia kama menyu?

Ipo. `man -k` inatafuta kwa maana badala ya jina: `man -k directory` inaorodhesha kurasa zote ambazo maelezo yake mafupi yana neno hilo. Maelezo mengi yako kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta kwa Kiingereza. Ukijibiwa kwamba hakuna kitu hata kwa neno la kawaida kabisa, huenda faharasa haijatengenezwa. Endesha `sudo mandb` mara moja. Seva nyingine zilizosakinishwa kwa kubana nafasi hazina kurasa hizi kabisa, na hapo kosa si lako.

Namba iliyo kwenye mabano baada ya jina ni sehemu ya mwongozo. Anayeanza anahitaji sehemu ya 1, amri za mtumiaji. Baadaye ya 5, muundo wa faili za mipangilio. Na ya 8, amri za msimamizi wa mfumo. Sehemu ya 2 na ya 3 ni za waandishi wa programu, zipite. Kuchuja sehemu ya kwanza peke yake: `man -s 1 -k copy`.

Ukisakinisha `fzf`, unaweza kuugeuza mwongozo wote kuwa orodha moja unayoichuja kadiri unavyoandika:

`man -k . | fzf`

Andika herufi chache za unachokifikiria na orodha inapungua papo hapo. `fzf` ikiunganishwa na sheli (programu inayopokea amri unazoandika, kama bash), Ctrl+R nayo inakuwa menyu ya amri zote ulizowahi kuandika. Kwa maoni yangu hakuna menyu bora kuliko hiyo, kwa sababu imejaa kazi zako mwenyewe.

Kurasa za `tldr` nazo zinafaa sana: `tldr tar` inakupa mifano michache ya matumizi ya kawaida, bila maelezo marefu. Programu ya GNU iitwayo `info` ni menyu halisi ya vitabu vizima, unashuka kwa Enter na kupanda kwa `u`. Bonyeza `h` ndani yake upate mafunzo mafupi. Na kwa amri zilizo ndani ya bash yenyewe, kama `cd`, mwongozo wake ni `help cd`.

Nimekwama ndani ya programu na sijui pa kutokea.

Kila mtu hupita hapo. Jaribu kwa mpangilio huu: `q`, ambayo inatoa kwenye `man`, `less`, `info` na `htop`. Kisha Esc mara mbili kwa visanduku vya menyu. Kisha F10. Kisha Ctrl+C. Ukiona chini ya skrini `^X` na `^G`, uko kwenye kihariri cha nano: alama ya `^` ni kitufe cha Ctrl, kwa hiyo Ctrl+X inatoka na Ctrl+G inaleta msaada. Ukiwa kwenye vi au vim, bonyeza Esc, andika `:q!` na Enter. Utatoka bila kuhifadhi. Ukitaka kujifunza vim kwa utulivu, amri `vimtutor` inakupitisha kwenye somo la vitendo.

Skrini ikiganda na hakuna kinachoitika, huenda ulibonyeza Ctrl+S bila kukusudia. Ctrl+Q inaifungua. Na programu ikitoweka ghafla ukarudi kwenye `$`, pengine ulibonyeza Ctrl+Z, haijafungwa, imesimamishwa. Andika `fg` irudi.

Kitufe cha Tab nacho ni menyu?

Ndiyo, na iko tayari kwenye mashine yako. Andika mwanzo wa neno, bonyeza Tab mara mbili, na bash inaorodhesha yanayoweza kufuata. Zsh, sheli nyingine, inaweza kukuruhusu upite kwenye orodha hiyo kwa mishale. Fish, nayo ni sheli, imekwenda mbele zaidi: inasoma kurasa za mwongozo zilizomo kwenye mashine na kukuonyesha vipengele vya amri pamoja na maelezo yake mafupi unapobonyeza Tab. Hapa amri inabaki mbele ya macho yako muda wote. Unaiandika wewe, menyu inakusindikiza. Kwa mtu mwenye nia ya kujifunza, ningeanza na fish na `mc` kwa pamoja.

Na kwa mipangilio ya mfumo?

Zipo nyingi. `nmtui` inapanga mtandao na Wi-Fi mahali ambapo NetworkManager inatumika. `raspi-config` ni ya Raspberry Pi. Matoleo ya SUSE hadi la 15 yana YaST, inayofunguka hata ndani ya terminali. Debian ina `tasksel` na `aptitude`. Windows Server isiyo na madirisha ina `sconfig`, menyu ya namba. Kuona programu zinazoendelea na kusimamisha iliyokwama, tumia `htop`, F9 inasimamisha.

Tahadhari ni moja. Menyu iliyofunguliwa kwa `sudo` ina uwezo wote wa msimamizi, na Enter moja kwenye mstari usiokusudiwa inaweza kukukatia mtandao wa seva uliyoifikia kwa mtandao huohuo. Soma kilichoangaziwa kabla ya kubonyeza.

Nataka kuwatengenezea wenzangu menyu yangu. Ni vigumu?

Ni mistari michache tu, na bash ina neno maalumu kwa kazi hii: `select`. Huhitaji kusakinisha chochote.

```
#!/bin/bash
PS3="Chagua namba: "

fanya() {
    echo "Amri: $*"
    "$@"
}

select chaguo in "Nafasi kwenye diski" "Faili zilizomo humu" "Tarehe na saa" "Toka"
do
    case $REPLY in
        1) fanya df -h ;;
        2) fanya ls -lh ;;
        3) fanya date ;;
        4) break ;;
        *) echo "Namba hiyo haimo kwenye orodha." ;;
    esac
done
```

Ihifadhi kwa jina `menyu.sh` na uiendeshe kwa `bash menyu.sh`. Kiini chake ni kile kipande kiitwacho `fanya`: kinaandika amri kwenye skrini kwanza, ndipo kinaiendesha. Mwenzako akichagua 1 anaona `Amri: df -h`, halafu majibu. Baada ya muda anaanza kuiandika `df -h` mwenyewe bila kukumbushwa. Orodha ikipotea juu ya skrini, abonyeze Enter bila kuandika kitu na itarudi.

Maelezo ya menyu yataje kazi, yasitaje chombo. "Nafasi kwenye diski" inaeleweka. "Endesha df" haimsaidii asiyeijua `df`. Na usizidishe vipengele: orodha isiyoenea kwenye skrini moja inamrudisha mtu kwenye kubabaika ulikotaka kumwondolea.

`dialog` au `whiptail`?

Zote zinachora visanduku vyenye vitufe kutoka ndani ya skripti, yaani faili la amri kama `menyu.sh`. `whiptail` huwa tayari imo kwenye Debian na Ubuntu. `dialog` ina aina nyingi zaidi za visanduku, zikiwemo kalenda na kichagua faili. Zinafanana sana kimatumizi. Jambo linalowakwamisha wengi: chaguo la mtumiaji halitoki kwenye mkondo wa kawaida, linatoka kwenye mkondo wa makosa, kwa sababu ule wa kawaida unatumika kuchorea. Unaibadilishanisha mikondo hiyo hivi:

`jibu=$(whiptail --menu "Chagua kazi" 15 50 2 1 "Diski" 2 "Faili" 3>&1 1>&2 2>&3)`

Kagua pia `$?` mara baada ya hapo: 0 ni amekubali, 1 ni ameghairi, 255 ni amebonyeza Esc. Skripti isiyokagua hilo huendelea na kazi ambayo mtu ameikataa.

Naweza kumfungia mtumiaji ndani ya menyu asifike kwenye sheli?

Usiitegemee menyu kama ulinzi. Ctrl+C inaweza kuikatiza skripti, `less` inaruhusu kuendesha amri kwa kuanza na `!`, vi kwa `:!`, na `man` hutumia `less` kuonyesha kurasa zake. Unaweza kupunguza mianya kwa `trap '' INT TSTP` mwanzoni mwa skripti, kwa kuweka `LESSSECURE=1`, na kwa `ForceCommand` kwenye mipangilio ya SSH. Ulinzi wa kweli ni ruhusa za akaunti: mpe mtumiaji akaunti isiyoweza kuharibu kitu hata akitoka nje ya menyu.

Mtumiaji asiyeona atatumiaje menyu hizi?

Visanduku vilivyochorwa vinasumbua visoma skrini, kwa kuwa mistari na nafasi za mapambo husomwa pamoja na maneno, na chaguo lililoangaziwa kwa rangi pekee huenda lisitambulike. Orodha ya namba inayoshuka mstari kwa mstari, kama ile ya `select`, inasomeka vizuri kwa kisoma skrini cha Speakup na kwa vifaa vya nukta nundu vinavyoendeshwa na BRLTTY. Kwenye Debian, `sudo dpkg-reconfigure -f readline tzdata` inauliza maswali yaleyale ya visanduku kwa orodha ya namba. Ukitengeneza menyu ya watu wengi, anza na namba. Visanduku viwe nyongeza.

Nitajuaje kwamba naweza kuiacha menyu?

Andika `history | less` na utazame. Amri ambazo tayari unaziandika mwenyewe zinaonekana hapo, na vipengele vyake unaweza kuviondoa kwenye skripti yako ili orodha ibaki fupi. Usiviondoe vile vya kazi unayoifanya mara moja kwa mwaka, kama kurejesha nakala ya akiba au kubadilisha cheti cha seva. Wasimamizi wazoefu nao hutumia menyu kwa kazi hizo, kwa sababu kosa moja la herufi pale lina gharama kubwa kuliko muda wa kuchagua namba.